Sili Tano kwa Miezi Saba: Kisa cha Fundi wa Kisima Wilayani Misungwi

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu kijiji kimoja cha wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. Kutoka kwenye vilima vyake vya mawe mtu huliona Ziwa Victoria siku isiyo na ukungu, lakini maji ya kunywa wanakijiji huyapata ardhini. Kijiji, fundi wake na viongozi wake siwataji kwa majina, kwa sababu lililowafika lingeweza kuwafika watu wa Magu, Kwimba, Sengerema au Ukerewe, na kwa sababu fundi huyo alikwisha kutajwa vibaya kiasi cha kutosha. Mimi nilikuwa mmoja wa wakufunzi waliomfundisha kazi, kwa hiyo sehemu ya ninayoyaeleza ni upungufu wa mafunzo niliyoyatoa mwenyewe.

Kijiji kilikuwa na kisima kirefu karibu na shule ya msingi, chenye pampu ya mkono aina ya Afridev. Fundi aliyechaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji alihudhuria mafunzo ya siku kumi, akafaulu, akapewa spana na ndoano ya kuopolea vali. Katika miezi saba iliyofuata alibadilisha sili ya pistoni, yaani mpira unaozuia maji yasivuje pembeni mwa pistoni, mara tano, ilhali sisi tulikuwa tumewaambia wanakijiji kwamba sili moja hudumu takriban mwaka mzima. Mweka hazina alipoonyesha stakabadhi tano mbele ya kamati ya maji, mjumbe mmoja aliuliza kama sili zilizonunuliwa zinaingia kisimani kweli au zinaishia kijiji cha pili. Neno hilo lilienea haraka. Kabla ya mwezi kwisha, wapo waliotaka fundi aitwe mbele ya sungusungu, na waliokuwa wapole zaidi walipendekeza arudishwe darasani. Barua ya kuomba mafunzo rejea ililetwa kwangu, nami niliipokea na kuanza kuyaandaa bila kwanza kwenda kukiona kisima.

Ili msomaji aelewe kwa nini lawama ilimwangukia mtu mmoja, ni lazima kukumbuka jinsi jukumu la kutengeneza maji ya vijijini lilivyohama kwa muda wa miaka hamsini. Mwaka 1971 serikali ilianzisha programu ya miaka ishirini iliyokusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji karibu na makazi yake ifikapo mwaka 1991, na katika utaratibu wa wakati huo mwenye kujenga na mwenye kutengeneza alikuwa serikali. Pampu ikiharibika, kijiji kilipeleka taarifa wilayani na kusubiri gari. Kisha ukaja mpango wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia mwaka 1985 hadi 2002, ambao ulifungamanisha maji, afya na usafi, na ukasisitiza kwamba kijiji chenyewe kiwe na watu wanaoijua pampu yao. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba watumiaji wachangie gharama za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na kuvipa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii wajibu wa kuendesha miradi. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na nyingi zilikuwa nzuri. Hata hivyo, mwisho wa safari hiyo ndefu mara nyingi anasimama kijana mmoja mwenye spana, na kijiji kizima kinamtazama yeye.

Yapo maelezo mengine yanayohitajika kuhusu mahali penyewe. Misungwi ndiyo wilaya yenye chanzo cha Ihelele, ambako maji ya ziwa huvutwa na kusukumwa hadi Shinyanga na Kahama, lakini bomba halipiti kila kitongoji. Mwenye kukosa kisima hurudi kwenye malambo au kwenye ukingo wa ziwa, na maji ya ukingoni ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Kwa hiyo pampu moja inaposimama kwa wiki tatu, madhara yake hayapimwi kwa muda wa usumbufu tu. Watoto wanaotumwa ziwani katika wiki hizo huingia majini hadi magotini, na ugonjwa hauondoki siku pampu inapopona.

Tulichomfundisha na tulichokiacha

Pampu ya Afridev ilibuniwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika Malawi na Kenya, kwa nia kwamba mwanakijiji aweze kuitengeneza bila gari wala winchi. Silinda yake ina kipenyo cha ndani cha milimita 50 na imewekewa ganda la shaba nyeupe, na ndani yake pistoni hupanda na kushuka ikiwa imevikwa sili ya mpira. Chini ya pistoni iko vali ya chini, ambayo huyazuia maji yasirudi kisimani. Uzuri wa muundo huu ni kwamba pistoni na vali ya chini hupita ndani ya bomba la kupandishia maji, hivyo fundi huvuta rodi, yaani vyuma vinavyounganisha mpini na pistoni, akaopoa vali kwa ndoano, akabadilisha mipira, akarudisha, bila kuling'oa bomba lenyewe. Kwa mtu aliyewahi kutengeneza pampu za mabomba ya chuma, ambazo kila matengenezo ya chini hudai watu wengi na vifaa vizito vya kunyanyulia, hiyo ni nafuu kubwa sana.

Nafuu hiyo ndiyo iliyotupotosha. Tuliisimamisha pampu mpya uani, juu ya fremu, tukamfundisha fundi kuifungua na kuifunga hadi akaweza kuifanya kazi yote kwa muda mfupi. Vipuri vyote vilikuwa vipya na safi. Jaribio la mwisho lilikuwa kubadilisha sili, na alilifanya vizuri kuliko wenzake. Hatukumpeleka hata siku moja kwenye kisima chenye pampu mbovu tukamwambia atafute ubaya ulipo. Kwa maneno mengine, tulimfundisha kuitikia ugonjwa mmoja kwa dawa moja, na tukamwachia kijiji akiamini kwamba kila pampu inayotoa maji kidogo ina sili iliyoisha.

Hesabu ndogo ingetosha kututahadharisha. Mwendo mmoja kamili wa pistoni ya Afridev ni takriban milimita 225, ambao kwa silinda ya kipenyo cha milimita 50 hutoa karibu lita 0.44. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa mipigo 45 au zaidi kidogo. Viwango vya nchi yetu vinakadiria watu 250 kwa kila kituo cha kuchotea maji na lita 25 kwa kila mtu kwa siku, sawa na lita 6,250. Hiyo ni mipigo zaidi ya 14,000 kila siku, na zaidi ya milioni 5 kwa mwaka. Sili nzuri, katika maji safi, huistahimili kazi hiyo. Ikiwa inakwisha kwa wiki sita, basi kuna kitu kinaila. Fundi anaweza kuwa mzembe katika kuifunga, na sili inaweza kuwa bandia, lakini sili tano mfululizo zilizokwisha kwa namna ileile zilikuwa zinatueleza habari moja, na hakuna aliyeuliza ni habari gani.

Siku niliyokwenda kisimani

Nilikwenda kijijini kwa ajili ya kupanga tarehe ya mafunzo rejea, na nikafika kisimani asubuhi wakati wa foleni. Fundi hakuwapo. Alikuwa ameacha kuja pale tangu maneno yaanze, na funguo za sanduku la vifaa zilikuwa zimechukuliwa na kufungiwa katika ofisi ya kijiji. Mlinzi wa kisima, mama wa makamo aliyefagia pale kila alfajiri na kuhakikisha ng'ombe hawakaribii, alinisalimu, kisha akaniambia, "Mwalimu, kabla hamjamrudisha huyu mtoto shuleni, tazama kwanza ndoo."

Alinionyesha ndoo nyeupe aliyoijaza tangu alfajiri na kuiacha itulie. Chini yake palikuwa na tabaka jembamba la mchanga mng'avu. Akaeleza kwamba fundi akibadilisha sili, siku za mwanzo ndoo hujaa upesi na mpini huwa mwepesi, kisha kila wiki mipigo huongezeka, hadi wanawake wakaanza kuhesabu kwa sauti ili kupeana zamu kwa haki. Alikuwa anakumbuka idadi. Baada ya sili ya nne walianza na mipigo 46, na walipofika 80 na ushee fundi aliitwa tena. Nilimuuliza kama jambo hilo alimweleza fundi. Alijibu kwamba alimweleza, na fundi alilipeleka kwenye kamati, lakini kamati ilimwambia kazi yake ni pampu, mchanga si wake.

Nakiri kwamba jibu hilo lilinichoma, kwa kuwa lilitoka kwetu. Katika kitabu cha mafunzo tulichowagawia mlikuwa na sura ya pampu na hamkuwa na sura ya kisima.

Tulimwita fundi. Alikuja akiwa na kopo la plastiki, na ndani yake zilikuwamo sili zote tano zilizochakaa, kila moja amefungia karatasi yenye tarehe. Hakufundishwa kuzitunza. Alizitunza kwa kuwa alijua ipo siku ataulizwa. Midomo ya sili ilikuwa imelika na kukwaruzwa, na katika mikunjo mlibaki chembe ngumu za mchanga. Vipuli vidogo vya vali, vinavyofungua na kuziba njia ya maji, navyo vilikuwa na alama za kuchimbika. Ushahidi kwamba sili zilikuwa zikiingia kisimani ulikuwa mikononi mwa mtuhumiwa tangu mwanzo, na hakuna mkutano uliompa nafasi ya kulifungua lile kopo.

Mchanga ulikotoka

Sehemu kubwa ya Mwanza imekaa juu ya miamba ya matale, ile inayoufanya mji uitwe Jiji la Miamba. Maji ya visima virefu huku hupatikana katika nyufa za mwamba na katika tabaka la juu lililooza kuwa mchanga na udongo. Mchanga huo una chembe nyingi za kwatzi, madini magumu kuliko shaba nyeupe. Ikiwa kokoto za kuchujia zilizopangwa kuzunguka bomba la kisima ni kubwa mno, au matundu ya chujio ni mapana kuliko inavyofaa, chembe hizo hupenya, hujikusanya chini, na kimo chake kinapoikaribia silinda kila mpigo wa mpini huzivuta ndani.

Ili kujua hali ilivyo, tulihitaji taarifa ya uchimbaji, yaani karatasi inayoonyesha kina cha kisima, matabaka yaliyopitiwa, mahali pa chujio na kimo cha maji. Kijijini haikuwapo. Nakala ilipatikana wilayani baada ya kufuatilia kwa siku kadhaa, na ilionyesha kina cha mita 42. Silinda ilikuwa imening'inizwa kwenye mita 35. Kwa maneno ya karatasi, palikuwa na nafasi ya kutosha chini yake.

Kazi ya kulitoa bomba ilifanyika siku ya Jumamosi ili vijana wapatikane. Mabomba ya kupandishia maji ya Afridev ni ya plastiki, yameunganishwa kwa gundi, hivyo hayafunguliwi kipande kimoja kimoja, bali mnyororo mzima huvutwa kwa kamba na kuinamishwa taratibu, huku watu wakitembea nao shambani kama wanaobeba nyoka mrefu. Fundi ndiye aliyeongoza. Alipanga watu, akatoa sauti ya kuvuta na ya kusimama, na wale waliokuwa wakimshuku wiki mbili kabla walikuwa wamelishika bomba kwa amri yake. Bomba lilipotoka, tuliteremsha kamba yenye uzito, tukaipima. Iligota kwenye mita 36. Mchanga ulikuwa umejaza mita sita za kisima, na mdomo wa silinda ulibakiza mita moja tu kuufikia.

Kwa kuwa maji yalisimama mita 14 kutoka juu, tena katika mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, palikuwa na nafasi ya kuipandisha silinda bila kuiacha kavu. Ofisi ya wilaya ilileta kompresa, kisima kikasafishwa kwa hewa hadi maji yakatoka meupe, kikatiwa klorini, kisha fundi akakata bomba moja la mita 3, akaondoa rodi moja ya urefu huohuo, akaunganisha, gundi ikaachwa ikauke vizuri, na pampu ikarudishwa. Kikwazo cha kupata kompresa sitakieleza kwa kirefu. Kilichukua wiki kadhaa za barua na simu, na ninakitaja ili isidhaniwe kwamba fundi wa kijiji, hata akifundishwa vizuri kiasi gani, anaweza kulimaliza peke yake tatizo la namna hii. Kulitambua na kulieleza kwa vipimo anaweza, na huo ndio mpaka wa kazi ambao mafunzo yetu hayakuwahi kuuchora.

Yaliyobadilishwa

Mafunzo rejea yaliyoombwa yalifanyika, lakini si kwa fundi peke yake, na si uani. Yalifanyika kisimani, na waliohudhuria ni fundi, mlinzi wa kisima, mweka hazina na wajumbe wawili wa kamati. Nilisisitiza mweka hazina awepo kwa sababu mtu anayelipia sili anastahili kujua sili inavyokwisha. Alipoingiza kidole chake ndani ya sili ya tatu na kuzigusa chembe za mchanga, shauri la wizi lilikwisha bila mtu kulitolea hotuba. Aliomba radhi mbele ya wote, kwa Kisukuma, na fundi aliipokea.

Vipimo viwili viliingizwa katika kazi ya kila mwezi. Cha kwanza ni cha kuvuja: pampu hupigwa hadi maji yatoke, huachwa nusu saa, kisha huhesabiwa mipigo kabla ya maji kutoka tena. Ikizidi mitano, maji yanarudi chini kupitia vali au kiungo kilichopasuka. Cha pili tulikichukua kutoka kwa wanawake wenyewe, nacho ni kuhesabu mipigo inayojaza ndoo ya lita 20. Vitabu hupima kwa kupiga mara 40 kwa dakika na kupima lita zilizotoka, na kitaalamu ni jambo lilelile, lakini kipimo cha ndoo hakihitaji saa wala chombo chenye alama, na tayari kilikuwa katika desturi ya foleni. Mipigo ikiongezeka polepole, sili inachakaa. Ikiongezeka ghafla, tafuta kitu kilichovunjika. Pamoja na hayo, ndoo nyeupe huachwa itulie mara moja kwa wiki, na mlinzi huandika kama kuna mchanga au hakuna. Daftari linakaa kwake, kwa kuwa fundi huja kisimani pampu inapougua, naye mlinzi yupo kila siku.

Kuhusu daftari hilo kulikuwa na mabishano. Mjumbe mmoja aliona kuwa kumbukumbu za kisima ni mali ya ofisi na zifungiwe ofisini. Hoja yake haikuwa ya ubaya, maana karatasi hupotea, lakini taarifa ya uchimbaji ilikuwa imehifadhiwa ofisini miaka yote, na kwa muda wote huo haikumsaidia yeyote aliyeushika mpini. Mwishowe nakala yake moja iliwekwa katika mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la vifaa, na funguo za sanduku zikarudishwa kwa fundi kwa maandishi.

Jambo la malipo halikumalizika kwa urahisi namna hiyo. Fundi alikuwa akilipwa anapotengeneza tu. Utaratibu huo una kasoro kubwa ambayo nadhani haizungumzwi vya kutosha: pampu ikikaa nzima yeye hapati kitu, na ikiharibika mara kwa mara hulipwa zaidi, hivyo hata mwaminifu kabisa huonekana kama anayefaidika na uharibifu. Tuhuma za mwanzo zilipata nguvu kutokana na utaratibu huo kuliko kutokana na tabia yake. Nilipendekeza alipwe kiasi kidogo kila mwezi kwa kupima na kukagua, na vipuri vilipiwe mbali. Wajumbe walikubali kwa shingo upande, wakisema mapato ya ndoo hushuka wakati wa masika, watu wanapokinga maji ya mvua. Ni kweli hushuka. Waliafikiana malipo yawe ya miezi ya kiangazi kwanza, kisha yatazamwe upya. Hilo halitoshi, na nililisema waziwazi kikaoni, kwa sababu kijana mwenye ujuzi wa spana ana njia nyingine za kuishi katika ukanda huu. Kambi za dagaa humchukua, machimbo ya dhahabu ya Geita humchukua, na gereji za Mwanza humchukua, na mwenye kuondoka huondoka na mafunzo yote.

Kwa sababu hiyohiyo kijiji kilikubali mtu wa pili afundishwe, na nilipoulizwa awe nani nilimtaja mlinzi wa kisima. Wapo waliosita, wakisema kuvuta rodi ni kazi ya wanaume. Rodi za Afridev hufunguliwa moja moja kwa mkono, na siku ya kulitoa bomba zima hata fundi mwanamume huhitaji kuita watu. Mama yule alijifunza kuopoa vali ya chini kwa siku mbili. Alichelewa kidogo katika kuikaza fulkramu, yaani egemeo la mpini, kwa kuwa spana ilikuwa ngumu mkononi mwake, naye fundi akamwonyesha kuongeza kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili aikaze nati kwa nguvu ndogo.

Nilirudi kijijini baada ya miezi mitano. Sili ilikuwa ileile. Katika daftari, mipigo kwa ndoo ilikuwa imetoka 45 hadi 49, na safu ya mchanga ilikuwa na neno "hakuna" kwa wiki zote isipokuwa mbili, zote za baada ya siku za msiba, wakati pampu ilipofanya kazi mfululizo usiku na mchana. Fundi alikuwa amezipigia mstari wiki hizo mbili na kuandika pembeni kina alichopendekeza kipimwe tena kabla ya kiangazi kijacho, na barua ya kuomba kompresa ilikuwa imekwisha kupelekwa wilayani.